Mwakenya: kutoka chama cha siri hadi kikaratasi cha mtihani

Mpwa wangu aliye kidato cha tatu alirudi likizo na habari kwamba jirani yake wa dawati kafukuzwa shule wiki mbili. "Alishikwa na mwakenya, mjomba." Alilisema neno hilo kama angesema kashikwa na simu. Nikajifanya mjinga, nikamuuliza mwakenya ni nini. Akanicheka. Ni kikaratasi cha majibu, unaandika kwa herufi ndogo kama sisimizi, unakikunja mara nne, unakitia kwenye soksi, kisha unamwomba Mungu msimamizi asipite upande wako.

Kwa nini kiitwe hivyo, hakujua. Miaka 40 iliyopita, hapa Nairobi, neno hilohilo halikutajwa ndani ya matatu. Lilinong'onwa.

Mwakenya ni kifupi cha Muungano wa Wazalendo wa Kukomboa Kenya, chama cha siri cha mrengo wa kushoto kilichojulikana katikati ya miaka ya 1980, enzi za Rais Daniel arap Moi. Litazame jina lenyewe. Vyama vingi vya nchi hii vimebatizwa kwa Kiingereza, vikaitwa kwa herufi za kwanza: KANU, KADU, KPU, baadaye FORD. Hawa walichagua Kiswahili, na kifupi chao kikatoka kama jina la mtu, mzee fulani wa Taita au Kwale. Magazeti yao nayo yaliitwa Pambana na Mpatanishi. La pili hunichekesha kidogo, maana serikali haikuona upatanishi wowote mle.

Kuelewa Mwakenya inabidi kurudi nyuma. Mwaka 1965 serikali ya Jomo Kenyatta ilitoa Waraka wa Bunge Na. 10, uliotangaza kwamba Kenya inafuata ujamaa wa Kiafrika. Wasomi na wanaharakati wa kushoto waliusoma wakaona ubepari uliovalishwa kanzu. Mwezi Februari mwaka huohuo Pio Gama Pinto, mbunge na mjamaa wa kweli, alikuwa ameshapigwa risasi mbele ya nyumba yake hapa jijini. Oginga Odinga na Bildad Kaggia waliondoka KANU, chama tawala, na KPU, chama cha upinzani, ikaanzishwa 1966; mwaka 1969 ikapigwa marufuku. Mbunge J.M. Kariuki, aliyelalamika kwamba nchi imekuwa ya mamilionea wachache na maskini wengi, aliuawa 1975. Mlango wa siasa za wazi ukifungwa hivyo, watu huingia chini ya ardhi.

Huko chini wakakutana wahadhiri, wanafunzi wa chuo kikuu, mawakili, waandishi wa habari na watumishi wa serikali. Mei 1982 likatoka gazeti dogo la siri, Pambana, sauti ya Vuguvugu la Desemba 12. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa makusudi: ndiyo siku ya uhuru wa 1963, na wao walidai kwamba uhuru wenyewe haujafika, kwamba mkoloni ameondoka na kuacha funguo kwa matajiri weusi na makampuni ya kigeni. Walichukizwa pia na mkataba wa 1980 ulioruhusu majeshi ya Marekani kutumia bandari ya Mombasa.

Mwezi uliofuata Bunge likaongeza kifungu cha 2A katika Katiba, KANU ikawa chama pekee kwa sheria. Agosti 1, baadhi ya wanajeshi wa anga wakajaribu kupindua serikali, wakashindwa. Baada ya hapo kila msomi mwenye ndevu alikuwa mshukiwa. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti, aliyekamatwa Juni 1982, alifungwa miaka 6. Kosa lake lilikuwa karatasi: waraka mmoja uliosemekana kupatikana kwake.

Shikilia hilo la karatasi.

Vuguvugu lile ndilo lililozaa Mwakenya. Kazi yake kubwa ilikuwa kuandika, kuchapa, kusambaza na kusomesha. Wanachama walipangwa katika vikundi vidogo, kila mmoja akiwajua wachache tu, ili akikamatwa asiwe na majina mengi ya kutoa. Ndani ya vikundi walisoma Marx na Lenin, wakajadili Mau Mau na ardhi, kisha wakatoka na vijikaratasi vya kuangusha usiku au kupitisha kwa mkono wakati wa kusalimiana. Programu yao ya 1987 ilitaka nchi iwe huru kweli na amri za nje, uchumi ujitegemee, na utamaduni uwe wa kizalendo. Walizungumza pia juu ya mapambano ya silaha, na wachache walishtakiwa kwa kuharibu reli na nyaya za simu. Lakini ukisoma mashtaka ya wengi, hupati bunduki. Unapata kumiliki chapisho la uchochezi, kula kiapo, au kujua jambo na kutoripoti.

Kamatakamata ilianza Machi 1986. Mtu alichukuliwa nyumbani au kazini, akafungwa kitambaa machoni, akazungushwa mjini kwa gari mpaka asijue kaskazini ni wapi. Alipofunguliwa alikuwa chini ya Nyayo House, lile jumba refu la Kenyatta Avenue na Uhuru Highway ambako wewe na mimi tumepanga foleni ya pasipoti. Vyumba vya chini vilijazwa maji, mtu akasimama humo siku kadhaa bila chakula, hewa ya joto au baridi ikipulizwa. Akipandishwa kwa lifti hadi ghorofa za juu kuhojiwa, alivuliwa nguo na kupigwa. Wengine walikiri mambo ambayo hawakuyafanya. Peter Njenga Karanja, mfanyabiashara, alikufa 1987 baada ya kuzuiliwa. Wakili Gibson Kamau Kuria, alipotoa taarifa kwamba angeishtaki serikali kwa mateso ya wateja wake, alikamatwa yeye mwenyewe.

Kesi zilikuwa kichekesho kisichochekesha. Mshtakiwa alifikishwa kortini jioni, ofisi zimeshafungwa, hana wakili. Anasomewa, anakiri, anahukumiwa. Miezi 15 kwa mwenye bahati, miaka kadhaa kwa mwingine. Wengine hata kesi hawakupewa, waliwekwa kizuizini tu, akiwamo Wanyiri Kihoro.

Mwakenya walikuwa wangapi hasa? Zaidi ya watu 100 walikamatwa, ila kukamatwa hakukumfanya mtu kuwa mwanachama. Kwa maoni yangu serikali ilikikuza chama hiki kuliko wenyewe walivyoweza. Mzozo wa shamba, wivu wa ofisini, deni la baa: yote yangeweza kumalizwa kwa kumnong'oneza afisa kwamba fulani ni Mwakenya. Walioko uhamishoni, wakiongozwa na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, waliunda kikundi cha Umoja jijini London mwaka 1987, na habari za mateso zikafika mbali.

Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, lakini wafungwa wa kisiasa wakabaki ndani. Februari 1992 mama zao, wazee wa vilemba na fimbo, walikwenda Uhuru Park na kukataa kula. Polisi walipowavamia, baadhi yao walivua nguo mbele ya vijana wenye virungu. Ukijua maana ya laana hiyo kwetu utaelewa kwa nini kuna askari waliogeuka. Kina mama walihamia kanisa la All Saints, na mapambano yao yakaendelea hadi mwaka uliofuata. Vyumba vya Nyayo House vilifunguliwa kwa umma 2003, na Julai 2010 Mahakama Kuu iliamuru watu 21 walioteswa humo walipwe fidia.

Na kikaratasi cha soksini? Sijaona kamusi inayoeleza neno lilivyohama, lakini haihitaji mganga. Kijikaratasi kidogo, kimekunjwa, kimefichwa mwilini, kinapitishwa kwa siri, na ukishikwa nacho umekwisha: mwanafunzi yeyote wa miaka ile aliyesikia redio alikuwa na jina tayari.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote, kwa ufupi zaidi. Akanyamaza, kisha akauliza yule mwalimu wa historia alikuwa na karatasi ngapi.

"Moja," nikamwambia.

"Miaka 6?"

"Miaka 6."

"Na yule wa darasa letu wiki mbili," akasema, akarudi kwenye simu yake.