Logi za Linux: Yanayodhaniwa na Yalivyo

Wengi wanaosimamia seva hapa Nairobi huamini kwamba diski ikijazwa na logi (rekodi za yanayotokea kwenye mfumo), dawa ni kufuta faili kubwa lililomo ndani ya /var/log. Ukweli ni kwamba amri ya rm huondoa jina la faili tu. Ikiwa programu inayoliandika bado imelifungua, nafasi hairudi hadi programu hiyo ilifunge au iwashwe upya. Ndiyo maana mtu hufuta gigabaiti 20, akaendesha df, amri ya kupima nafasi ya diski, akakuta diski imejaa vilevile, ilhali lsof +L1 ingemwonyesha faili lililofutwa na bado limeshikiliwa. Badala ya kulifuta, afadhali kulirudisha faili hadi ukubwa wa sifuri kwa truncate -s 0, na bora zaidi kuiachia kazi logrotate, iliyoundwa kuzizungusha, kuzibana na kuzitupa logi zilizozeeka.

Logi za journald, huduma ya mfumo inayokusanya logi, kinyume na inavyodhaniwa, hazikui bila kikomo: zisipowekewa mpaka mwingine, huishia asilimia 10 ya diski, wala hazivuki gigabaiti 4.

Stima ikipotea na kompyuta ikazimika ghafla, husemwa kwamba hakuna cha kusoma tena. Kipo, mradi saraka ya /var/log/journal ilikuwepo. Isipokuwepo, logi huenda zilikaa /run tu, yaani kwenye kumbukumbu ya muda (RAM), zikapotea pamoja na umeme. Amri ya journalctl -b -1 huonyesha kipindi kilichotangulia kuwashwa huku, na cha kutazama ni mistari ya mwisho: mashine iliyozimwa kwa utaratibu huorodhesha huduma zikisimamishwa moja baada ya nyingine, lakini iliyokatikiwa umeme hunyamaza katikati ya shughuli zake, bila kuaga. Hata dakika chache za mwisho zaweza kukosekana, kwa sababu journald huzipeleka logi za kawaida kwenye diski kila baada ya dakika 5.

Saa nayo hupotosha. Seva iliyowekwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, ikiandika 02:10, Nairobi ilikuwa 05:10, yaani saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, na mlinzi wa usiku hulaumiwa bure. Amri ya timedatectl set-timezone Africa/Nairobi huondoa utata huo.

Mwisho, mistari mingi ya «Failed password» ndani ya auth.log, faili la logi za wanaojaribu kuingia, haimaanishi kwamba seva imevamiwa. Majaribio hayo yameshindwa. Mstari wa kutia wasiwasi ni ule wa «Accepted» kutoka anwani usiyoitambua.