Kabla Hujafunga Mtungi wa Gesi Kwenye Gari Lako

Tangu 2004 gesi ya Songo Songo, Kilwa, imekuwa ikizalisha umeme Dar es Salaam. Sasa inaendesha pia bajaji, teksi na magari ya familia. Gari likitumia gesi asilia hutoa hewa ukaa pungufu kwa takriban moja ya tano kuliko likitumia petroli, na kwa mwenye safari nyingi nafuu ya mfukoni huonekana mapema. Ndiyo maana wengi wanatuuliza kama fundi wa mtaani anaweza kuja kuwafungia mfumo nyumbani. Hapana. Sababu kubwa ni mtungi.

Gesi asilia ya magari, yaani CNG, hushindiliwa hadi bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo). Tairi la gari dogo lina bar 2 na ushee. Mtungi wa jikoni nao umeundwa kwa LPG, gesi nyingine kabisa, inayogeuka kimiminika kwa bar chache tu. Kuujaza CNG mtungi huo, au kuchomelea vali kwenye mtungi chakavu, ni kutengeneza bomu na kulipakia kwenye buti nyuma ya watoto wako.

Mtungi halali wa chuma una maandishi yaliyogongwa begani: shinikizo la kazi, namba, mwezi na mwaka wa kutengenezwa, na kiwango chake, ISO 11439 au ECE R110. Washa tochi uyasome mwenyewe kabla haujafungwa. Ukikuta yamesagwa kwa grenda, ukatae hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Angalia pia kama vali imefunikwa na ina bomba la kutolea gesi nje ya gari, maana ikivuja ndani ya buti haina pa kwenda. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Jambo jingine linalowasumbua madereva: asubuhi gari huwaka kwa petroli, kisha huhamia gesi maji ya rejeta yakishapata moto. Mfumo haujaharibika. Gesi inaposhuka kutoka bar 200 hupoa mno, na kifaa cha kupunguza shinikizo kisipopashwa na maji hayo huganda. Kwa hiyo usiache tenki la petroli likauke. Pampu yake itaungua. Plagi na koili zilizochoka zibadilishwe kabla ya kufunga mfumo, kwa sababu gesi inadai cheche kali zaidi.

Siku ya kukabidhiwa gari, dai cheti cha mtungi na tarehe ya kuupima tena. Karakana isiyoweza kukupa hivyo viwili, usiilipe.