Herufi za ajabu wakati kompyuta inawaka si dalili ya faili bovu

Wengi huamini kwamba menyu ya kuwashia mfumo ikionyesha “ngΓÇÖombe” badala ya “ng’ombe”, faili limeharibika. Mara nyingi faili ni zima kabisa.

Kwenye UTF-8 (njia ya kuhifadhi herufi kwa baiti), ritifaa iliyopinda (’) huchukua baiti tatu: E2 80 99. Skrini ya maandishi ya VGA (aina ya zamani ya onyesho la kompyuta) kwa kawaida huwa na nafasi 256 tu za maumbo, na fonti yake ya asili hufuata jedwali la CP437, baiti moja umbo moja. Huko E2 ni Γ, 80 ni Ç, 99 ni Ö. Basi.

Hakiki mwenyewe kwa `xxd menyu.txt`, amri inayoonyesha baiti za faili: ukiziona baiti hizo tatu, chanzo ni hicho. Kisha, kwenye Linux, badilisha faili hivi:

`iconv -f UTF-8 -t CP437//TRANSLIT menyu.txt > mpya.txt`

Bila //TRANSLIT amri hutoa kosa na kusimama, maana alama hiyo haimo kwenye CP437. Ukiiweka, hugeuzwa kuwa ' ya kawaida. Tunza faili la awali, tafadhali! GRUB (programu ya kuwashia mfumo) yenye fonti ya Yunikodi husoma UTF-8 moja kwa moja, na huko ubadilishaji huu hauhitajiki, tena unaweza kuharibu herufi kama é.