Mgawanyo wa chembe nyeupe za damu: asilimia bila jumla haitoshi

Karatasi ya majibu ya picha kamili ya damu huwa na namba moja ya jumla ya chembe nyeupe, kisha majina matano yenye asilimia. Hayo majina matano na asilimia zake ndiyo mgawanyo wa chembe nyeupe. Jumla inakwambia ziko ngapi. Mgawanyo unakwambia ni za aina gani. Wengi wetu tunasoma asilimia peke yake, tunaondoka na hofu isiyo na sababu au, vibaya zaidi, na utulivu usio na sababu.

Jumla kwa mtu mzima huandikwa kuwa kati ya 4,000 na 11,000 katika mikrolita moja ya damu. Waafrika wengi wenye afya njema wako chini kidogo kwa kurithi tu, kwa hiyo 3,500 si lazima iwe ugonjwa.

Siku hizi mashine ndiyo inayohesabu, lakini kazi ya mkono inaeleweka vizuri zaidi. Damu inachanganywa mara 20 na maji ya Türk: asidi iliyomo inapasua chembe nyekundu, rangi inakolea kwenye viini vya zile nyeupe. Tone linawekwa kwenye kioo cha Neubauer chenye miraba iliyochorwa, na mtaalamu anahesabu miraba minne mikubwa ya pembeni. Chembe iliyogusa mstari wa juu au wa kushoto inahesabiwa. Iliyogusa wa chini au wa kulia inaachwa, isije ikahesabiwa mara mbili. Idadi inazidishwa kwa 50. Ukipata 120, jumla ni 6,000.

Kutambua aina ni kazi nyingine. Tone la damu linatandazwa kwenye slaidi hadi liwe jembamba, lenye umbo la ulimi, linakauka, linapakwa rangi ya Leishman au Giemsa, kisha zinahesabiwa chembe 100 chini ya hadubini. Neutrofili, mpambanaji mkuu wa bakteria, ina kiini kilichogawanyika vipande viwili hadi vitano vilivyoshikana kwa uzi mwembamba. Kiini cha limfosaiti ni cha mviringo na karibu kinaijaza chembe yote. Monosaiti ni kubwa kuliko zote, kiini kimejikunja kama figo. Limfosaiti kubwa huweza kufanana nayo, na hapo hata wazoefu huitana wakatazame. Eosinofili ni rahisi kuitambua: ina punje nene za rangi ya chungwa, nayo huongezeka kwa mwenye kichocho, safura au mzio. Basofili ni adimu, unaweza kumaliza 100 bila kuiona.

Sasa hesabu yenyewe. Mgonjwa mmoja ana neutrofili 20% katika jumla ya 12,000: ni 2,400, zinatosha. Mwingine ana 20% ileile katika jumla ya 2,000: ni 400, na huyo yuko hatarini, homa yake isisubiri kesho. Asilimia ni moja, watu wawili tofauti kabisa. Kwa hiyo zidisha asilimia kwa jumla kabla ya kusema lolote. Angalia na umri: mtoto wa miaka miwili kuwa na limfosaiti nyingi kuliko neutrofili ni kawaida yake, mama asitishwe.

Kosa hilohilo hujificha kwenye kipimo cha malaria. Vimelea huhesabiwa kwa kulinganishwa na chembe nyeupe 200, kisha idadi inazidishwa kwa 40, kwa kukadiria kwamba kila mtu ana chembe nyeupe 8,000. Vimelea 50 vinasomeka 2,000 kwa mikrolita. Lakini kama mgonjwa huyo ana chembe nyeupe 4,000 tu, vimelea vyake ni 1,000, nusu ya kilichoandikwa.