Haki ya kumiliki bunduki si leseni ya bunduki

Haki ya kumiliki silaha ni kinga ya kisheria inayomwezesha raia kuwa na silaha bila kueleza anaitakia nini, na inayoitaka serikali ndiyo ijieleze pale inapomzuia. Basi. Nchi zilizoiandika haki hiyo kwenye katiba ni chache mno, na zinazotajwa mara nyingi ni Marekani, Meksiko na Guatemala. Karibu kote kwingineko kilichopo ni ruhusa.

Hata hivyo, kila risasi zikilia kwenye shule ya Marekani, mjadala unarudi na tunaambiwa kwamba Uingereza iliwanyima watu wake haki ya bunduki, kwamba Japani haki hiyo ni ngumu kuipata, na kwamba Uswisi kila mwanamume ana haki ya bunduki ya kijeshi nyumbani kwake. Sentensi zote tatu zinabeba kosa lilelile, na lawama si ya ugumu wa sheria za nchi hizo. Ni neno haki kuwekwa pasipo mahali pake.

Neno lenyewe tumelipata kwa Kiarabu, haqq: jambo la kweli, lililokwisha kuthibiti, lisilongoja mtu alipitishe. Ndugu zake tunao kila siku: hakika, uhakika, uhakiki. Ndiyo maana kwa Kiswahili haki hudaiwa, na mtu akilazimika kuiomba tunaona kuna jambo limeharibika. Ruhusa ni ukoo mwingine kabisa. Imetoka kwenye rukhsa, mzizi uleule uliotupa rahisi, na maana yake ya msingi ni kulegeza, kupunguza uzito. Bei rahisi ni bei iliyolegezwa, na ruhusa ni katazo lililolegezwa.

Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, rukhsa ina maana finyu zaidi, na hapo ndipo inapotufaa. Ni hukumu nyepesi anayopewa mtu kwa sababu ya udhuru, huku hukumu ya asili, azima, ikibaki palepale. Msafiri hula mchana wa Ramadhani. Anayekaribia kufa kwa njaa hula nyamafu. Hakuna anayetoka hapo akasema nyamafu sasa ni halali kwa wote, au kwamba aliyeshiba amenyimwa haki yake ya nyamafu. Rukhsa hufungwa na sababu yake: msafiri akirudi nyumbani, anafunga.

Leseni nalo tumelichukua kwa Kiingereza, likitokea Kilatini licet, “inaruhusiwa”. Kibali ni mtoto wa kukubali, na penye wa kukubali yupo pia anayeweza kukataa. Kwa hiyo mtu akisema “leseni inanipa haki ya bunduki” ameyaunganisha maneno yanayovutana. Leseni inampa ruhusa, kwa muda, kwa silaha iliyotajwa, kwa sababu aliyoiandika.

Sheria ya Japani ya bunduki na panga, ya mwaka 1958, imejengwa kama rukhsa tupu. Inaanza kwa kusema hakuna mtu atakayekuwa na bunduki wala upanga, kisha inaorodhesha wanaotolewa kwenye katazo hilo. Anayetaka bunduki ya marisau, yaani ya vijirisasi vingi vinavyotawanyika, kwa kuwinda au kwa mchezo wa shabaha huhudhuria darasa, hufanya mtihani wa maandishi, huleta cheti cha daktari kuhusu afya ya akili na matumizi ya dawa za kulevya, kisha hufundishwa na kupimwa kwenye uwanja wa kulengea. Polisi huuliza habari zake kwa jamaa na majirani. Bunduki hufungiwa kwenye kabati lake na risasi mahali pengine, ukaguzi hufanywa kila mwaka, na ruhusa huhuishwa kila baada ya miaka mitatu. Raifo, yaani bunduki ndefu yenye mifuo ndani ya mtutu, kwa kawaida haiombwi mpaka mtu awe ameshika ile ya marisau miaka 10 mfululizo. Anayekwama katikati ya hatua hizi hajanyimwa haki yoyote. Amekosa rukhsa tu.

Kipimo cha haraka cha kujua nchi iko upande upi ni hiki: ofisi ikinyamaza, mwombaji ana nini mkononi?

Uingereza, ofisi ya polisi ikinyamaza mwombaji hana kitu. Kwa raifo ni lazima aoneshe sababu njema ya kila silaha anayoitaka, na kujilinda hakuhesabiwi kuwa sababu (Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake, na huko kulinda nafsi hukubaliwa kwa watu maalumu). Hata ndani ya ruhusa kuna ngazi, lakini. Kwa bunduki ya marisau ya kawaida sheria ya huko inamtaka mkuu wa polisi atoe cheti isipokuwa akiona hatari kwa usalama wa umma au akiridhika kwamba mwombaji hana sababu njema ya kuwa nayo. Mzigo wa hoja umehamia kidogo upande wa polisi. Bado ni ruhusa.

Marekani mambo yamegeuka juu chini. Mnunuzi dukani hujaza fomu ya shirikisho namba 4473, muuzaji huwasiliana na mfumo wa kukagua rekodi za wanunuzi unaoendeshwa na FBI, idara ya upelelezi ya shirikisho, tangu Novemba 1998, na jibu huwa moja kati ya matatu: endelea, subiri, amekataliwa. Likija “subiri” na siku tatu za kazi zikapita bila jibu la mwisho, sheria ya shirikisho inamruhusu muuzaji kukabidhi silaha. Majimbo kadhaa yamerefusha muda huo kwa sheria zao, ila kanuni ya jumla ya taifa ndiyo hiyo. Muuaji wa watu tisa katika kanisa la Charleston, Juni 2015, alipata bastola kwa njia hiyo: ukaguzi haukukamilika, siku zikaisha, akauziwa. Wengi huiita tundu katika sheria, na si vigumu kuona kwa nini. Ila limekaa sawasawa na mantiki ya haki. Penye haki, serikali iliyochelewa kutoa sababu imeshindwa hoja, na kimya chake humfaa raia.

Hapo huzuka kosa la pili, la kudhani kwamba haki haina mipaka. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani yalianza kutumika mwaka 1791, lakini ni mwaka 2008 tu, katika kesi ya Heller, ambapo Mahakama ya Juu ilitamka wazi kwamba yanamlinda mtu binafsi anayeweka bunduki nyumbani kwa kujilinda, hata kama si mwanamgambo. Uamuzi huohuo ulisema kwamba makatazo ya muda mrefu kwa wahalifu na wagonjwa wa akili hayaguswi, wala yale ya kuingia na silaha shuleni au kwenye majengo ya serikali. Mwaka 2024, kwa kura 8 dhidi ya 1, mahakama hiyo ilikubali kunyang’anywa silaha kwa mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kumtishia mwenzi wake. Haki ina mipaka, na anayeichora ndiye anayetakiwa kuitetea.

Ndiyo maana hata leseni, kikaratasi kilekile, hufanya kazi mbili tofauti. Jimbo la New York lilikuwa likitaka mwombaji wa kibali cha kubeba bastola nje aoneshe haja ya pekee inayomtofautisha na watu wengine. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ililifuta sharti hilo. Vibali viliendelea kutolewa New York, pamoja na mafunzo na ukaguzi, lakini ofisa hawezi tena kumwambia mtu “sijaona kwa nini unahitaji”. Kwenye nchi ya haki leseni huthibitisha kwamba mtu hana kizuizi. Kwenye nchi ya ruhusa leseni ndiyo chanzo cha uhalali wote. Kabla yake hakuna kitu.

Tofauti hii huwaumiza watu hasa kwenye mirathi, na ni ajabu jinsi isivyozungumzwa. Mzee amefariki, bunduki yake ilikuwa na leseni, watoto wanaigawa pamoja na ng’ombe na baiskeli. Bunduki kama chuma ni mali na inarithiwa. Ruhusa hairithiwi, imekufa na mwenyewe. Mtoto anayekaa na silaha ya baba chini ya kitanda, na leseni ya marehemu ndani ya bahasha, anamiliki silaha bila kibali, hata kama nia yake ni kuitunza tu. Utaratibu wa kawaida ni kuikabidhi polisi au kwa muuzaji mwenye leseni mpaka mrithi apate kibali kwa jina lake, au iuzwe kwa anayeruhusiwa na fedha zigawanywe. Leseni iliyokwisha muda ni kisa kilekile, siku ya kwanza baada ya tarehe yake. Sababu ikiondoka, pia: huko Australia anayepewa bastola kwa ajili ya mashindano ya shabaha hutakiwa kushiriki mara za kutosha kila mwaka, na akiacha kwenda klabu ruhusa yake huwa mashakani. Msafiri amerudi nyumbani.

Sasa Uswisi. Askari wa akiba anayeweka bunduki ya jeshi nyumbani hana haki nayo na wala hana leseni yake. Hata kumiliki haimiliki. Ni mali ya jeshi, na kwake ni amana inayoambatana na wajibu wa utumishi. Zamani alipewa pia kopo lililofungwa la risasi 50 la kukaa nalo nyumbani. Kuanzia mwaka 2007 serikali iliamua kuyakusanya. Akimaliza utumishi na akitaka kubaki na bunduki, lazima awe na kibali cha kununua, alipe, na silaha ibadilishwe kwanza isiweze kufyatua mfululizo. Nje ya jeshi, sheria ya silaha ya Uswisi inataja kweli haki ya kupata na kumiliki silaha, ila “ndani ya mipaka ya sheria hii”. Ni haki ya kisheria, si ya kikatiba, na Mei 2019 wapiga kura wenyewe waliibana zaidi kwenye sanduku la kura.

Kifungu kama hicho cha “kadiri sheria inavyoruhusu” ndicho kinachowapotosha wanaosema Waingereza walikuwa na haki kamili tangu 1689. Hati ya Haki ya mwaka huo iliwaruhusu raia Waprotestanti kuwa na silaha za kujilinda, zinazolingana na hadhi yao na kama sheria inavyoruhusu. Mkono mmoja unatoa na mwingine umeshika kamba.

Meksiko inafundisha upande wa pili. Kifungu cha 10 cha katiba kinawapa wakazi haki ya kuwa na silaha nyumbani kwa usalama wao, kisha sheria ya shirikisho inazigawa silaha katika za raia na za jeshi peke yake. Kwa miaka mingi duka halali la bunduki lilikuwa moja nchi nzima, la jeshi, mjini Mexico City, na mnunuzi hupita kwenye nyaraka nyingi kabla ya kuuziwa bastola ndogo. Haki ipo, urahisi haupo. New Zealand kabla ya 2019 ilikuwa kinyume chake: haki haikuwapo, ila mwenye leseni aliweza kuwa na bunduki nyingi za kawaida ambazo hazikuandikwa popote, maana iliyosajiliwa ni ile leseni ya mtu na si kila chuma. Ukali wa sheria haukuambii kama kuna haki.

Limebaki dai linalosikika hata kwetu: katiba ya Kenya na ya Tanzania zinatoa haki ya kumiliki mali, bunduki ni mali, basi ni haki. Australia ilijibu swali hilo kwa vitendo. Baada ya mauaji ya watu 35 huko Port Arthur, Aprili 1996, serikali ya shirikisho na majimbo walikubaliana kwamba kuwa na bunduki ni upendeleo unaotegemea usalama wa umma, wakapiga marufuku aina nyingi za bunduki zinazojipakia, na kuzikusanya silaha zipatazo 650,000. Kwa kuwa katiba yao inataka malipo ya haki pale serikali ya shirikisho inapochukua mali ya mtu, wenyewe walilipwa, na fedha zilitoka kwenye tozo ya afya iliyopandishwa kwa mwaka mmoja kutoka asilimia 1.5 hadi 1.7. Kilicholipiwa ni chuma. Ruhusa iliyoondolewa haikuwa na bei.

Kwa hiyo mtu akisema Australia iliwapokonya raia haki ya bunduki, anaweza kuelekezwa taratibu: iliondoa ruhusa ya aina fulani za bunduki, na ikanunua mali.