Mboni ndogo kama ncha ya pini, halafu?

Watu wakisikia nafanya kazi kwenye ambulensi swali ni lile lile, eti mna dawa gani ya kutoa sumu. Wanadhani tuna kichupa kimoja hivi, unachoma sindano mtu anaamka. Sumu zenye dawa yake maalumu ni chache mno, nyingi unamsaidia mgonjwa apumue, unaweka dripu, unawahi hospitali basi.

Ila kuna hii inayowachanganya sana wanaoanza kazi. Umefika, mtu yuko chini hajitambui, unamulika tochi machoni, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya pini. Inaweza kuwa heroini na ndugu zake morfini na methadoni, au sumu ya wadudu ile ya oganofosfeti. Sasa utajuaje? Mi naangalia kama mtu ni mkavu au amelowa. Wa heroini anakuwa kimya, mkavu, anavuta pumzi nne tano kwa dakika. Wa oganofosfeti amelowa kila mahali, jasho, mate, machozi, mkojo, kifua kinakoroma kama kimejaa maji, na mara nyingi harufu inakupokea mlangoni (vaa glavu kwanza, halafu mvue hizo nguo maana sumu inapita hata kwenye ngozi).

Huyo mkavu kwanza mpe pumzi kwa mfuko wa kupumulishia, ndo ije naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini na ndugu zake, kidogo kidogo, mi huanza na miligramu 0.4. Tunataka apumue, sio akae aanze kupiga stori, ukimwamsha ghafla anakutapikia na kukugombeza juu. Na naloksoni inaisha nguvu baada ya dakika 30 mpaka 90 wakati methadoni bado ipo mwilini, kwa hiyo yule anayesema niko poa niacheni niende zangu ndo wa kukaa naye karibu.

Aliyelowa ni oksijeni na atropini, dawa inayokausha hayo majimaji, mtu mzima miligramu 1 mpaka 3 kwenye mshipa, baada ya dakika 5 unasikiliza kifua, bado kinakoroma unapiga dozi mara mbili ya ile ya kwanza, unasikiliza tena. Achana na mboni, zinachelewa kurudi, na usiogope moyo kwenda mbio. Unatulia kifua kikikauka, mapigo yakavuka 80 na presha ikaeleweka. Boksi zima la atropini linaweza kuisha kwa mtu mmoja, nimewahi kubaki na vichupa vitupu mkononi hospitali bado haionekani.

Maziwa, mafuta ya kula, vidole kooni, hapana jamani. Mkaa wa dawa wenyewe, ule unaonasa sumu tumboni, unafaa zaidi ndani ya saa 1, kwa aliye macho anayemeza vizuri, na sio kwa mafuta ya taa wala asidi.

Anayenitisha kuliko wote ni aliyemeza parasetamo nyingi, manake anaweza kushinda siku nzima anaongea vizuri tu huku ini linaumia, na dawa yake, asetilisisteini, inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8. Kwa hiyo ile pakiti tupu, hata kama iko jalalani, beba uje nayo, na uniambie alimeza saa ngapi.