Saa ya mkononi haipimi marathoni

Kila baada ya mbio za barabarani tunapokea malalamiko yaliyoambatanishwa na picha ya saa: "Mmesema kilomita 42.195, yangu imeandika 42.6. Mmetuzungusha!" Msimu huu yamezidi, na baadhi ya waandaaji nao wameanza kutangaza njia zao kuwa "za rekodi". Sisi wapimaji wa njia tunaona ni wajibu wetu kueleza kazi hii inavyofanyika.

Saa ya GPS hukadiria tu mahali ulipo, na makosa madogo ya kwenye kona na kando ya majengo marefu hujumlishana. Isitoshe, hukukimbia njia tuliyoipima. Sisi hupima njia fupi kabisa anayoweza kupita mkimbiaji kihalali: kwenye kona tunapita sentimita 30 kutoka ukingoni, na barabara ikipinda tunakatiza moja kwa moja. Ukishika katikati ya lami, mita zile umejiongezea. Tafadhali, tusibishane tena juu ya hili.

Chombo chetu ni baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu la mbele. Kwanza tunalaza futikamba ya chuma kwenye barabara iliyonyooka, angalau mita 300, na kupigilia msumari kila mwisho. Tunaendesha baiskeli hapo mara 4, tukiandika namba kila tunapofika msumarini. Ndipo tunajua kilomita moja ina hesabu ngapi. Tukishapima njia nzima, tunarudi kwenye misumari ileile mara 4 nyingine, kwa kuwa jua likipanda, upepo ndani ya tairi hutanuka na hesabu hubadilika. Futikamba nayo hurekebishwa kulingana na joto. Mwishowe kila kilomita huongezwa mita 1, kwa hiyo marathoni nzima huzidi kwa takriban mita 42. Nyongeza hiyo ni ya makusudi, kwa sababu njia ikipungua hakuna msamaha.

Mwaka 1981 Mmarekani Alberto Salazar alimaliza marathoni ya New York kwa saa 2:08:13, muda bora duniani. Njia ilipopimwa upya miaka kadhaa baadaye, ilikutwa imepungua karibu mita 150. Muda ule ukafutwa, ingawa kosa halikuwa lake.

Urefu peke yake pia hautoshi kwa rekodi. Mstari wa kuanzia na wa kumalizia usitengane kwa zaidi ya nusu ya umbali wa mbio, na mteremko usizidi mita 1 kwa kilomita. Ndiyo sababu 2:03:02 za Mkenya Geoffrey Mutai, Boston 2011, hazikuwa rekodi ya dunia. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba alionewa. Hakuonewa, Boston huanzia mji mmoja na kuishia mwingine, tena kwa kuteremka. Na 1:59:40 za Eliud Kipchoge, Vienna 2019? Hayakuwa mashindano ya wazi, na wadhibiti kasi, yaani wakimbiaji wa kumwekea mwendo, waliingia na kutoka kwa zamu.

Mkenya Kelvin Kiptum alikimbia marathoni ya Chicago kwa 2:00:35 tarehe 8 Oktoba 2023. Rekodi hiyo ya dunia iliidhinishwa tarehe 6 Februari 2024, na wengi walilalamikia miezi hiyo minne. Uidhinishaji hudai vipimo vya njia, ushahidi wa muda, majibu ya sampuli za kupima dawa zilizokatazwa, na uthibitisho wa mpimaji aliyepanda gari la mbele kwamba njia iliyokimbiwa ndiyo iliyopimwa. Siku 5 baada ya kuidhinishwa, Kiptum alifariki kwenye ajali ya gari. Nashukuru karatasi zile zilikamilika akiwa hai.

Kwa waandaaji: cheti cha njia hudumu miaka 5, ila ukisogeza mstari wa kuanzia kupisha jukwaa la mfadhili, hata kwa mita chache, njia hiyo si ile iliyoidhinishwa tena. Muda wa wakimbiaji wako hautatambuliwa, si kwa rekodi wala kwa kufuzu. Kwa wakimbiaji: ombeni kuona cheti kabla ya kulipa ada, na msome tarehe.